Swali Uliloulizwa Machame

Nsia,

Umetoka kwenda Uru kumuaga rafiki yako Happy, na umesema utarudi kabla chakula hakijapoa. Nakujua wewe na Happy, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Naandika kwenye meza ya kulia. Nimesukuma pembeni nguo ulizozikunja na zile ulizokataa kuzikunja, na begi kubwa liko wazi sebuleni limekaa kama mgeni asiyetaka kuondoka. Sitakuandikia habari za makoti, dawa za mafua, wala mahali pa kuficha pasi ya kusafiria. Umesafiri kuliko mimi. Kila nilipokupa maelekezo ya safari uliyasikiliza kwa heshima, halafu ukafanya yako, na mara nyingi yako yalikuwa bora.

Barua hii nitakupa kesho uwanja wa ndege. Usiifungue mpaka umepita ukaguzi. Ina habari moja ambayo ningekuambia ana kwa ana ungebishana nami mpaka ndege ikuache. Inahusu lile swali la kule Machame: utarudi lini, na kihamba cha baba yako kitashikwa na nani. Nimefundisha waandishi vijana wengi kwamba habari kubwa inakaa aya ya kwanza. Hii nitaiweka mbele kidogo, kwa sababu ukiisoma bila maelezo yake utaielewa vibaya, nami sitakuwepo kukusahihisha.

Nianze na kikao, maana tangu siku ile tumekizungukazunguka tu.

Ilikuwa ile wiki ya baada ya Krismasi, watu wote wamepanda nyumbani, magari yamejaa mpaka kwenye majani ya ng'ombe. Sisi tulikuwa sebuleni kwa Bibi, ukungu umefunga dirisha, kila mtu ameshika bakuli la mtori wa ndizi kwa mikono miwili ili apate joto. Baba Mkubwa Elinami, kaka wa baba yako, alianza kama anavyoanza siku zote.

"Dokta," akakuita, huku akivuta suruali juu. "Hili goti likipanda mlima linalia kama mlango wa kanisa."

"Baba Mkubwa, mimi si daktari wa watu."

"Wa ng'ombe?"

"Wa bakteria."

"Basi liangalie tu. Huenda wamo."

Hilo kosa ni langu. Ulipoingia chuo niliwaambia watu wa nyumbani kwamba unasomea udaktari, nikaliacha neno lifanye kazi lenyewe, kwa sababu nilichoka kueleza. Matokeo yake umeonyeshwa magoti, vipele na meno ya watoto wa ukoo mzima kwa miaka kumi. Siku ile ukaamua kueleza mwenyewe, nami nikakusikiliza kama ninavyomsikiliza mtu ninayemhoji.

Uliwaambia kwamba unachukua bakteria wasio na madhara, unawaingizia vipande vya DNA ulivyovipanga, navyo vinafanya kazi pamoja kama swichi na taa. Ukiwawekea maji yenye floraidi nyingi, swichi inawaka na bakteria anang'aa kijani. Ukasema mpango mzima wa hizo swichi mnauita saketi.

"Kama ya umeme?" aliuliza Godlisten, mtoto wa Baba Mkubwa, ambaye msimu wa watalii ukiisha hufunga nyaya kwenye nyumba za watu.

"Kama ya umeme. Ila nyaya zake ni jeni."

"Na shoti inapiga?"

"Inapiga, kaka. Ndiyo kazi ninayoiendea Uholanzi."

Ukawaeleza shida yenyewe. Bakteria aliyebeba saketi anachoka. Chakula chake anakitumia kuwasha taa ambayo yeye haimsaidii kitu, kwa hiyo anazaana polepole. Katika mamilioni ya wenzake lazima atokee mmoja ambaye saketi yake imekatika kwa bahati tu. Huyo hana mzigo, anakimbia, anazaa, na baada ya muda mfupi chupa nzima imejaa watoto wake. Saketi imepotea. Watafiti wanaamka asubuhi wanakuta bakteria wana afya nzuri kabisa na hakuna taa hata moja.

Bibi alikuwa amefumba macho tukidhani amelala. "Wameutua mzigo," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi ningeutua mapema zaidi."

Watu walicheka, Godlisten akamwagia mtori suruali yake. Baba Mkubwa hakucheka sana. Aliweka bakuli chini, akakutazama, nami nilijua hoja ya kikao imefika.

"Na wewe, Nsia? Wewe utakaa?"

Sikumchukia kwa swali lile, na usimchukie. Kihamba si shamba la kununua na kuuza. Ni ile migomba na kahawa iliyopandwa na waliotutangulia, na wamezikwa humo humo, baba yako akiwa wa mwisho. Ukoo hauulizi kina hati gani. Unauliza nani anakaa. Bibi amekishikilia tangu baba yako afariki, na sasa Bibi hawezi tena kufika mwisho wake bila kupumzika njiani. Baba yako alikuwa na mtoto mmoja, naye ni wa kike, na anaondoka. Godlisten ana wavulana wawili na amepanga vyumba viwili Boma Ng'ombe. Baba Mkubwa alisema yote hayo bila kupandisha sauti. Kisha akasema: "Sikulazimishi, mwanangu. Nataka tu kujua. Sema utarudi lini, tukungojee. Usiposema, tumpe ndugu yako akae."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Miaka miwili," nikasema. "Amesema baada ya miaka miwili anarudi."

Ukaweka kijiko. "Mama, mimi sijasema hivyo."

Nakumbuka kijiko kile kuliko maneno yako. Hukukitupa. Ulikilaza kando ya bakuli taratibu, kama unavyoweka kitu cha kioo.

Ukamgeukia Baba Mkubwa. "Shikamoo tena, Baba Mkubwa, na unisamehe. Mkataba ni wa miaka miwili. Baada ya hapo wanaweza kuongeza, wanaweza kusitisha. Naweza kupata kazi Morogoro, naweza kupata kazi nchi nyingine kabisa. Sijui. Nikikupa tarehe nitakuwa nimekudanganya mbele ya Bibi."

"Marahaba," akajibu, akichukua tena bakuli lake. Akasema jambo lile lingoje mpaka Pasaka.

Tulishuka mpaka barabara ya lami nikiwa nimenuna. Nilijiambia nimekasirika kwa sababu umenikosoa mbele ya wakwe. Wewe ukaniacha ninune, halafu tulipokaribia daraja ukasema, "Angekuwa mwandishi mwingine kaninukuu vile, ungemwita ofisini na kufunga mlango." Nilitaka kucheka nikakataa. Nacheka sasa.

Kazi yangu yote imekuwa kuandika alichosema mtu, si alichotakiwa kusema. Nimewakatalia wakubwa walionipigia simu usiku wakitaka nipunguze neno moja. Halafu kwa mwanangu mwenyewe, mtu ninayemjua sauti yake akiwa na njaa na akiwa ameshiba, nikatunga nukuu. Sikutunga kwa sababu sikusikia. Ulikuwa umeniambia jikoni wiki ile ile kwamba hujui. Kulikuwa na pengo, watu wanangoja, nami nikalijaza.

Mapengo ndiyo yaliyoniponza maisha yangu yote. Kisa cha kiongozi wa wapanda mlima unakijua nusu, ngoja nikupe kizima. Nilikuwa mgeni kwenye kazi. Ilikuja habari kwamba kiongozi mmoja wa kutoka upande wa kwetu Kilema amefia mlimani. Nilimtafuta mpagazi mmoja, akathibitisha. Nikamtafuta wa pili, akathibitisha. Vyanzo viwili. Nikaandika, ikatoka. Kesho yake asubuhi mapokezi wakanipigia: "Kuna mtu anakuulizia." Nikashuka. Mwanamume mrefu, uso umeungua na baridi, amevua kofia.

"Habari, dada," akasema. "Mimi ndiye marehemu."

Mke wake alikuwa nyuma yake, macho yamevimba. "Nimemlilia usiku kucha," akaniambia. "Majirani wameleta kuni na sufuria. Halafu huyu anabisha hodi anaulizia chai!"

Aliyeshushwa kwa machela alikuwa mtu mwingine, na alipona. Wapagazi wangu wawili walikuwa waaminifu wote. Ila wote wawili walikuwa wamesikia kwa mpishi mmoja wa kambini, na mpishi aliona begi la yule kiongozi likishuka pamoja na machela akamalizia mwenyewe. Sikuwa na vyanzo viwili. Nilikuwa na mpishi mmoja mara mbili. Tulitoa masahihisho, yakawekwa chini ya tangazo la mbegu za mahindi. Yule bwana alinisamehe siku ile ile na akataka kupigwa picha. Mkewe alichukua muda zaidi, nami nilimwona mwenye haki.

Nilikusimulia nusu ya kisa hicho ukiwa unaandika tasnifu, ukaacha kula. Ukaniambia hata ninyi mnakosea hivyo hivyo: mtu anachukua koloni moja ya bakteria, anaigawa kwenye mirija mitatu, anaipima mara tatu, anapata jibu lile lile, anafurahi. Kumbe amemhoji mpishi mmoja mara tatu. Ulipotumia neno mpishi nilijua umenielewa, na nilijua pia kwamba kazi zetu zinakaribiana kuliko nilivyowaambia watu. Kwa hiyo juu ya kazi sina la kukufundisha. Nina ombi tu la mtu aliyewahi kumzika mtu aliye hai: siku matokeo yatakapokuja mazuri, mazuri hasa, yale ambayo kila mtu maabara ameyangojea, siku hiyo ndiyo uende taratibu. Mimi sikuwahi kukosea kwenye habari niliyoichukia.

La pili ni la simu. Mwaka niliopelekwa Dar kufanya kazi makao makuu, wewe ulikuwa na miaka sita, umebaki na baba yako. Kila jioni nilipiga simu na kusema niko salama, kazi nzuri, watu wazuri. Haikuwa kweli. Nilikuwa na mhariri aliyekuwa akikata habari zangu mbele ya watu na kuzisoma kwa sauti ya kuigiza lafudhi yetu ya huku. Nilikuwa nalia chooni kisha nanawa uso. Baba yako alikuja kujua mwaka umeisha, kwa mtu mwingine, na hilo lilimuumiza kuliko lile la mhariri. Alisema, "Yaani nimekaa huku nafurahi bure." Alikasirika kwa namna yake, yaani alipalilia kahawa siku mbili bila kuongea.

Wewe umerithi sauti yangu ya simu. Ulipokuwa chuo niliisikia mara kadhaa ile "niko poa mama" yenye kasi, nikajifanya sijaisikia kwa sababu mwalimu wako nilikuwa mimi. Ukiwa vibaya, niambie uko vibaya. Sitafanya chochote. Sitapiga simu kwa mchungaji, sitakutumia mistari ya kukutia moyo. Nitauliza maswali mawili matatu ya kawaida, halafu nitakuambia Bibi amefanya nini leo. Najua hilo halitibu. Lakini mtu anayekujua awe na habari sahihi, hicho nacho ni kitu.

Na chupa za jemu. Ulikuwa na kama miaka tisa, umepanga kwenye kabati la jikoni chupa tano za mikate iliyoota ukungu, moja kijani, moja nyeusi, moja yenye manyoya ambayo hata leo sitaki kuikumbuka. Mchungaji alikuwa anakuja chai. Nikazitupa zote. Ulirudi shule, ukafungua kabati, ukaniuliza kwa sauti ya kiofisi, "Nani amegusa jaribio langu?" Nikasema uchafu hauwi jaribio. Baba yako alitoka nje, akarudi na mkate mzima mpya, akaukata vipande vitano, akakuuliza unataka chupa gani iwe kwenye jua. Mchungaji akanywa chai bila mkate. Sijui kama unakumbuka. Nadhani kama nyumba hii ilitoa mtafiti, nusu ya sifa ni ya mwanamume yule na mkate ule.

Meno yake unayakumbuka. Alilelewa kwa ndugu upande wa Meru, mahali maji ya visima yana hiyo floraidi yako, na yalimchora meno rangi ya chai ya rangi tangu utotoni. Hakuna picha hata moja, hata ya harusi, aliyofungua mdomo. Mimi nilimwona akicheka kila siku na picha zote zinanipinga. Hukuwahi kuniambia kwamba ulichagua floraidi kwa ajili yake, nami sikuuliza, na hapa pia siulizi. Nasema tu kwamba niliona.

Sasa habari yenyewe.

Ile wiki uliyokwenda Dar kwa ajili ya viza, mimi nilikuambia nina mkutano wa wakulima wa kahawa. Hakukuwa na mkutano. Nilipanda Machame. Nilimkuta Bibi amekaa kwenye kigoda anakata majani ya ng'ombe, na Baba Mkubwa anafunga mlango wa zizi.

"Mama, nimekuja kuomba kukaa," nikasema.

"Kaa. Kiti kile pale."

"Si kukaa leo. Kuhamia."

Akaacha panga. "Umefukuzwa kazi?"

"Nastaafu mwezi huu."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Umegombana na nani?"

"Na wewe, Mama, tangu niolewe."

Alicheka mpaka akashika kifua. Unajua historia yetu. Baba yako aliponileta mara ya kwanza, Bibi alinitazama kuanzia viatu na kusema, "Mkatoliki wa Kilema, na anaandika kwenye magazeti. Haya." Ile "haya" ndiyo iliyonifanya nikae mjini miaka yote hii. Nilisema ni kazi. Ilikuwa kazi, na ilikuwa pia jiko lake.

Baba Mkubwa alikuwa anatusikiliza, amesimama na komeo mkononi. "Mama Nsia," akasema, "wewe ng'ombe unamjua upande gani?"

"Ule wa maziwa, shemeji."

"Na ule wa teke?"

"Nitaujua."

Ndipo nikamwambia nililokwenda kusema. Kwamba kikaoni alisema kihamba kinataka mtu, na hakusema mtu huyo awe na umri gani wala awe wa kiume. Mimi ni mjane wa mdogo wake na kaburi lipo pale nyuma ya jiko. Nitakaa. Godlisten ajenge sehemu ya chini karibu na mfereji wa mfongo, maana hana kosa na wanawe wanahitaji mahali pa kukimbia, naye atanisaidia mifugo na maji ya kumwagilia. Na Nsia asiulizwe tena.

"Na baada yako?" akauliza. Ni mtu wa haki, hakwepi swali.

"Baada yangu mtamuuliza. Atakuwa hajaahidi kitu, kwa hiyo hatakuwa amevunja kitu. Akitaka atakaa. Asipotaka, ni Godlisten na watoto wake, na mtamwambia asante, basi."

"Hiyo nayo ni tarehe, shemeji. Ila mbaya."

"Ndiyo tarehe pekee ambayo hutaniambia nimeitunga."

Akalisukuma komeo mahali pake. Akasema kahawa ya baba yako isikatwe. Nikakubali. Akasema niache kuleta magazeti yenye picha za wanasiasa kwenye meza ya Bibi. Nikakubali nusu. Kisha Bibi akasema nichukue panga lile nimalizie majani, aone. Nilikata. Akasema ng'ombe atakula, maana yeye hachagui.

Basi ndiyo habari. Imekubaliwa, na Pasaka itasomwa tu mbele ya wengine.

Sasa sikiliza gharama yake, kwa sababu habari isiyo na gharama yake ni tangazo. Nyumba hii ya Moshi tumepanga. Nimeshamwambia mwenye nyumba, na mwisho wa mwezi nakabidhi ufunguo. Chumba chako hakitakuwepo. Ukirudi, kwa likizo au kwa kukaa, hutalala tena mahali ambapo umelala tangu ukiwa darasa la kwanza, na lile dirisha unalofungua asubuhi kuangalia kama mlima umetoka litakuwa la mtoto wa mtu mwingine. Vitabu vyako nitavipandisha. Kabati la jikoni nitaliacha. Nilijaribu kulifikiria hili kama jambo dogo na si dogo. Ndiyo sababu sikukuambia uso kwa uso: ungesema hapana, nisihame, utarudi baada ya miaka miwili. Ungeahidi. Ungekuwa umenipa kwa mapenzi kile ulichokataa kumpa Baba Mkubwa kwa ukweli, nami ningekipokea, kwa sababu nilikitaka sana.

Usiniwekee jambo hili kama deni la wema. Sipendi ng'ombe, nakiri, na moshi wa kuni unaniwasha macho. Lakini nina miaka sitini, nimeandika habari za watu wengine mpaka zimenitosha, na kuna mwanamke mmoja kule juu ambaye sijawahi kumhoji sawasawa. Yeye alimzaa mwanamume niliyempenda. Ana majibu ambayo mimi sina. Nakwenda kuyapata kabla hayajaondoka, na kwa ajili hiyo nitabeba majani.

Wiki iliyopita, tukiosha vyombo, uliniambia kwamba njia mojawapo ya kuifanya saketi ikae ni kuifunga na kitu ambacho bakteria hawezi kuishi bila hicho. Akiitupa saketi, anakufa. Ulisema inafanya kazi vizuri, na ulisema pia kwamba humpendi mtu aliyeifikiria. Nilikupa sahani nyingine ufute. Najua huchukii kitu kama watu kulinganisha maisha yao na chupa zako, kwa hiyo sitalinganisha. Nakuripotia tu kwamba nilisimama pale kwenye sinki na kukumbuka sebule ya Bibi, na mimi nikisema "miaka miwili," na nikaona nani alikuwa ameshika kamba ya kukufunga.

Kwa hiyo nenda ukafanye kazi. Ukifurahi kule, furahi bila kutazama nyuma kama umemuibia mtu. Ukipata mtu, mlete, au usimlete, lakini jina lake nilisikie kwako kwanza, si kwa Happy. Kazi ikikushinda, rudi. Ikikukubali, kaa. Usipojua, kaa na kutojua kwako kama ulivyofanya mbele ya wazee, ukiwa umeshika bakuli la mtori, na mama yako mzazi akiwa upande mwingine. Sijawahi kukuambia: pale ndipo nilipoona kwamba umekuwa mtafiti kweli, na nilinuna kwa sababu nilikuwa wa mwisho kuona.

Sijui utarudi lini. Nimeisoma sentensi hiyo kama ninavyosoma sentensi ya mwandishi mwingine, nikitafuta mahali pa kukata au kuongeza, na nimeiacha ilivyo.

Mama yako,
anayepatikana Machame kuanzia mwezi ujao, kwa Bibi. Ukipiga simu wakati wa kukamua, ngoja iite.